Mvua ya Te-Got Haibishi Hodi

Cereleno, Gulu
3 Mei 2009

Mjomba Erinayo,

Shikamoo. Huku hatujambo. Mama anakusalimu, mguu umepona na amerudi sokoni na odii yake, ile siagi ya ufuta, wateja wanasema ufuta wa safari hii una mafuta mpaka unateleza kwenye kijiko. Watu waliokimbilia kambini wakati wa vita wanazidi kurudi mashambani. Te-Got kwenu sasa kuna moshi asubuhi, na Bibi Abur amelima mpaka amekaribia kaburi la babu. Paka wetu amezaa ndani ya kikapu cha Mama cha kanisani, kwa hiyo Jumapili mbili sasa tumekwenda kanisani na mfuko wa sukari.

Na wewe, Mjomba? Kifua? Unakula? Naomba safari hii usinijibu "namshukuru Mungu" ukaishia hapo, maana huku kuna watu wanaosema umekufa, na aliyesababisha ni mimi.

Ilikuwa hivi. Mwaka jana nilikuambia naimba, ukaniuliza kwaya gani. Si kwaya. Ni huu muziki wa kufokafoka, hip hop, ila sisi tunafoka kwa lugha yetu, na mwenzangu Kidega anapiga kibuyu kwa spoku za baiskeli kama kwenye ngoma yetu ya larakaraka, kisha anaingiza kwenye kompyuta. Tunapendwa. Nina wimbo wa kambini unaosema:

*Foleni ya maharage, nina bakuli kichwani,*
*mbele yangu kuna mbuzi, naye ni wa diwani.*

Watoto wa hapa mtaani wananiimbia nikienda kisimani. Basi Jumamosi tukaitwa redioni. Mtangazaji ana mtindo wake: kabla hujafoka, ujipigie mwoc wako, ukelele wako wa sifa, wasikilizaji wajue wewe ni nani. Kidega akapiga wake. Wengine wakapiga zao. Ikafika kwangu: "Na wewe dada, nani wewe? Jitangaze!" Mjomba, nikaganda. Mimi sina mwoc. Kidega ananikanyaga mguu, mtangazaji ananikodolea macho, na uliotoka mdomoni mwangu ni mwoc wako: "Mvua ya Te-Got haibishi hodi!" Tena niliupiga vizuri. Mpaka na ule mluzi wa mwisho.

Nilisahau kwamba mwoc wa mtu asiyekuwepo, mwingine haupigi bila ruhusa yake, ila siku ya kumzika. Niseme nilisahau, au niseme sikuwahi kufundishwa. Umri wa kufundishwa hayo mimi sikuwa nyumbani. Bibi Abur alikuwa anasikiliza. Anasema aliangusha mwiko. "Erinayo! Mwenyewe hayupo na mpwa wake anampigia! Tumekwisha!" Jioni Te-Got nzima ilikuwa inalia. Mama alipofika kuwatuliza alikuta watu wamekaa matanga, na jogoo wako, yule Bibi Abur aliyekuwa anakutunzia, ameshaliwa.

Naomba uandike, hata mistari miwili, kwamba uko hai. Mama hataki kusema nami mpaka aone mwandiko wako.

Mpwa wako,
Lanyero


Bweyale
29 Mei 2009

Mpwa wangu Lanyero,

Mimi marehemu Erinayo Okwera nakusalimu kutoka huku niliko. Marahaba. Huku ahera maharage yanastawi, mvua inatosha, na mwenye nyumba bado anataka kodi, jambo ambalo makasisi hawakutuambia.

Barua yako ilikaa kwa kondakta wa basi majuma mawili kwa sababu aliiweka kwenye kofia na kofia akaisahau Lira. Usiniambie nikutumie salamu kwa simu. Simu inanisikia mimi, mimi siisikii.

Sasa jogoo. Yule jogoo Abur alinitengea akiwa kifaranga mwenye shingo tupu, mara tu watu walipoanza kurudi kutoka kambini, na kila mwezi nikipata habari zake nyingi kuliko za ndugu zangu. Nani alikula paja? Usinifiche. Na nani alilia zaidi? Kama Ojara alilia, andika kwa herufi kubwa, maana tangu tukiwa darasa la tatu ananiambia nitakapokufa atalala usingizi mzuri.

Kuhusu mwoc. Ni kweli mpwa akija kwa mjomba wake anashika kuku na kwenda naye bila kuomba, na mjomba hana haki hata ya kununa. Lakini ni kuku, mwanangu. Hujasikia mpwa aliyechukua mlango wa nyumba. Hata hivyo nakuuliza kama mwalimu: mluzi uliutoa kwa vidole au kwa meno? Wangu ulikuwa wa meno. Niliwahi kuwa na meno.

Mama yako mwambie huu ni mwandiko wangu. Ataujua kwa jinsi herufi k inavyoinama. Waambie na wazee. Wewe tafuta mwoc wako. Nakupendekezea "Nyigu wa Cereleno". Na unitumie huo wimbo, niusikilize kwa jirani yangu kinyozi, ana redio yenye kupokea kanda.

Kuja huko kwa sasa haiwezekani. Maharage yanataka palizi, na paa linavuja.

Ni mimi, mjomba wako, mzima,
Okwera


Cereleno, Gulu
20 Julai 2009

Mjomba,

Shikamoo. Mama alisoma barua yako akacheka, kisha akalia, kisha akaniletea chai, kwa hiyo mimi naye tumepatana. Paja alikula Ojara. OJARA ALILIA. Bibi Abur anasema alilia huku anatafuna.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa nasubiri uamuzi wa wazee, na uamuzi si mzuri. Nilikwenda mwenyewe Te-Got na barua yako. Mzee Ojara akaigeuza huku na huku, akasema, "Barua! Barua za marehemu hufika siku zote, posta ndivyo ilivyo. Mimi nimemlilia mtu. Machozi yangu nimrudishie nani, karatasi?"

Nikasema, "Lakini Mzee, mwandiko ni wake."

"Mwandiko haukanyagi yai."

Yaani wanataka uje. Mtu aliyeliliwa akiwa hai arudi kwa miguu yake, akanyage yai pale penye njia ya kuingilia, kama wafanyavyo wote waliopotea mbali, ale na watu chungu kimoja. Mpaka hapo matanga yako wazi, na matanga yakiwa wazi hakuna ngoma inayotoka ndani, hakuna anayecheza, hakuna anayepiga mwoc. Nyigu wa Cereleno simtaki kabisa, asante.

Hapo ndipo shida yangu ilipo, Mjomba, nami naisema mara moja tu. Tarehe kumi na mbili Desemba kuna shindano uwanjani Pece. Vijana wote wanaofoka, toka Kitgum mpaka Amuru. Kila mtu ataingia jukwaani kwa mwoc wake mwenyewe. Wa kuazima hawautaki, kwa kisa changu mimi. Na Mzee Ojara anasema mwoc wa kwanza hupigwa nyumbani mbele ya wakubwa ndipo uende mjini. Mimi kwa baba siwajui waliobaki. Nyumbani kwangu ni kwenu, na kwenu kuna matanga ya mtu anayepalilia maharage.

Utasema ni ukelele tu. Siku ile redioni sikuganda kwa aibu. Niliganda kwa sababu kila mara nilipopigiwa kelele mbele ya watu, jina lililopigwa halikuwa langu. Ni lile waasi walilonipa kule walikonipeleka. Silitaji hapa, sipendi liingie nyumbani kwako na barua. Mtangazaji aliposema "nani wewe", lile ndilo lililokuja kwanza mdomoni. Nililifungia mlango kwa mwoc wako. Ndiyo maana niliupiga kwa nguvu.

Kwa hiyo nataka niwe na mwoc wangu. Basi.

Nimetuma kanda kwa dereva, si kwa kondakta.

Lanyero


Bweyale
16 Agosti 2009

Mpwa wangu,

Marahaba. Habari za huku: nimevuna maharage, kinyozi Byaruhanga amepata binti, na mbuzi wangu mmoja amekula nusu ya kitabu cha historia ya Warumi, ameishia vita vya Karthago.

Kanda imefika. Sikio la kushoto nalo, unajua, lilistaafu kabla yangu, na la kulia linafanya kazi nusu siku. Byaruhanga akafungua sauti mpaka wateja wakatoka na povu mashavuni. Sikusikia kitu ila mtikisiko. Basi nikaweka kiganja juu ya spika, na hapo, Lanyero, nikakisikia kibuyu. Nilikijua. Ni mpigo wa larakaraka wa upande wetu, si wa watu wa Kitgum wanaokimbia kama wamesahau chungu jikoni. Tukaupiga tena na tena. Binti wa Byaruhanga akaamka, akatulizwa kwa kulazwa karibu na spika.

Maneno alinisomea kinyozi kutoka kwenye karatasi uliyoambatanisha, akiwa na wembe mkononi, kwa hiyo sikupinga sana. Wimbo wa mbuzi wa diwani ni mzuri; beti ya tatu inachechemea, umeweka neno moja lisilo na kazi. Ule mwingine uliouandika chini kwa kalamu ya risasi,

*Walinipa jina lao, nikalivaa kama gunia;*
*la mama likabaki nyumbani, likinililia,*

huo hauna kosa. Sina la kuongeza. Nimeusoma mwenyewe bila kinyozi.

Umeniambia mara moja tu, nami nimesikia mara moja, na sikuulizi.

Kuhusu kuja, tutaona. Paa bado. Na goti. Na mbuzi hawana mtu wa kuwaangalia, umeona wanavyojisomea. Mwambie Ojara anipunguzie kesi. Aje yeye huku na yai lake, nitalikanyaga hapa stendi mbele ya mashahidi.

Daraja la Karuma, lile lililo kati yetu, usiniulize.

Okwera


Cereleno, Gulu
11 Oktoba 2009

Mjomba,

Shikamoo. Mama hajambo. Ufuta umekauka. Paka ameondoka kwenye kikapu lakini Mama amezoea mfuko wa sukari.

Sikujibu mapema kwa sababu nilikasirika. Nilisema moyoni: mtu anashindwa kuvuka daraja la Karuma, safari ya basi ya nusu asubuhi tu, mimi nimevuka mangapi? Nikamwambia Mama maneno hayo, naye akaweka chini kinu akaniambia habari ya basi lile lililoshambuliwa darajani mwaka tisini na sita. Kwamba ulikuwa unakuja huku kumwona babu. Kwamba sikio la kushoto halikustaafu. Hakuniambia zaidi. Nami sikuulizi, kama wewe ulivyonifanyia. Hasira imekwisha, nimebaki na haya ya kuandika.

Nikuambie ninavyofanya mimi. Niliporudi, pale kwenye kituo cha watoto waliotekwa walitupa karatasi tuchore. Wenzangu walichora bunduki, wakasifiwa wamefunguka. Mimi nilichora kuku. Wakaandika sijafunguka. Nilikuwa na njaa, Mjomba! Kisha Kidega, naye alikuwa pale pale, alikuwa anagonga kibuyu mchana kutwa mpaka mlezi akamfukuza nje. Nikamfuata. Nikaanza kutia maneno kwenye mpigo, upuuzi tu: uji, ndoo, sabuni, mguu wa mlezi. Nikagundua kitu. Kila pigo likiwa na neno, yale mengine hayapati pa kuingia. Yanasimama nje. Baadaye nikaanza kuyakaribisha moja moja, siku niliyotaka mimi, kwa mlango nilioufungua mimi, na yakija lazima yafuate mpigo. Hayajazoea kuamrishwa. Yanakuwa madogo.

Hiyo ndiyo kazi yangu, Mjomba. Watu wanafikiri ni kelele. Tunacheka sana kwenye mazoezi. Juzi Kidega ameimba beti nzima juu ya mama mkwe wake ambaye alikuwa amesimama nyuma yake na jungu la mboga za malakwang. Amemwagiwa lote, na beti imekuwa nzuri zaidi.

Kwa hiyo ukipenda, chukua ule wa mbuzi wa diwani. Beti ya tatu nimeirekebisha, lile neno nimelitoa. Kidole kwenye goti, neno kwenye kila pigo. Ukifika kwa diwani utakuwa umeshavuka.

Usipoweza, nitaingia uwanjani kimya, nami sitakulaumu. Nitakulaumu kidogo.

Lanyero


Ndani ya basi
5 Desemba 2009

Mpwa wangu,

Marahaba kwa shikamoo utakayonipa baadaye. Mwandiko umeharibika, barabara ndiyo inayoandika. Barua hii haina kondakta. Nitakupa mwenyewe, na usipoamini kuwa ni mimi, itazame herufi k.

Mbuzi wako kwa Byaruhanga. Paa linavuja bado, wacha livuje, hakuna mtu ndani.

Niliwaza nikuandikie tukifika Karuma ili nisitazame nje. Basi likapunguza mwendo, nyani wakaja pembeni kuomba ndizi, nami kalamu ikawa inachora mistari badala ya maneno. Nikaiweka mfukoni. Nikapiga kidole gotini. Foleni, ya, maharage. Nikasema kwa sauti bila kujijua. Kiziwi hajui kipimo chake. Mama mmoja jirani yangu akanivuta shati, akanisogezea mdomo kwenye sikio zima: "Mzee, una malaria?"

"Hapana," nikamwambia, "nina mpwa."

Akacheka. Akataka asikie tangu mwanzo. Nikampa. Tulipofika kwa mbuzi kiti kizima cha nyuma kilikuwa kinagonga magoti, na dereva anauliza nini hicho. Kwa diwani nikafumbua macho. Maji ya Nili yalikuwa meupe, yanakimbia kama zamani, na yalikuwa yameshapita nyuma yetu.

Nilikuwa nimesahau kwamba upande wetu nyasi ni ndefu hivi.

Mwambie Ojara atafute yai. Lisiwe viza.

Okwera


Cereleno, Gulu
20 Desemba 2009

Mjomba Erinayo,
Te-Got

Shikamoo. Nimeandika neno Te-Got hapo juu nikalitazama kwa muda. Ni mara ya kwanza naandika jina lako na la kwenu kwenye bahasha moja. Kijana wa baiskeli atakayekuletea amekataa malipo, anasema yeye naye alikulilia.

Hatujambo. Mama anauliza kama blanketi linatosha, na kama kweli unataka kulala kwa Ojara mpaka nyumba yako ipate nyasi, maana majirani wanasema mnabishana tangu alfajiri na hamjalala hata mmoja.

Uliniomba nikuandikie vile ulivyokosa kusikia. Naanza na siku ya yai, kwa sababu walisema mengi nyuma yako upande wa kushoto. Ulipokanyaga lako likapasuka mara moja, Bibi Abur alisema, "Lo, kumbe marehemu ana uzito." Kisha Mama akanisukuma mimi mbele. Hukuelewa kwa nini, ulidhani wanakosea. Hawakukosea. Mzee Ojara alikuwa ameleta mayai mawili kwenye kofia. Alisema, "Na huyu naye aliingia mjini bila kukanyaga. Kambini hatukuwa hata na kuku. Wote wawili walikuwa safarini." Langu likateleza, likakataa kupasuka, Bibi Abur akasema, "Lina kiburi kama mwenyewe," na watu wakacheka mpaka nikalikanyaga kwa kisigino. Ulipogeuka ukanikuta nalia na kucheka, ukauliza nini, nikakuambia baadaye. Ndiyo hii baadaye.

Pale tulipokula chungu kimoja nawe ukamaliza paja lote kwa kisasi, Ojara akanong'ona, "Sasa atoe mwoc wake huyu mtoto, ngoma zitoke." Wewe ulikuwa na mfupa mdomoni, umegeukia kwa Mama. Nilikuwa sijapanga neno lolote. Nikatazama ule mfupa. Nikapiga. Uliona watu wote wanaruka na Abur amerusha kitambaa, ukaruka nawe, hujui kwa nini.

Kisha Pece. Uwanja ulijaa mpaka watu wakapanda ukuta. Nilikuona tangu nikiwa nyuma ya pazia: umesimama mbele kabisa na koti lako la ualimu, kiganja juu ya spika kubwa, na askari anakuambia usogee nawe unamwonyesha sikio. Mtangazaji ni yule yule. Aliponiona akacheka, akasema kwenye kipaza sauti, "Leo unatuua nani?" Uwanja mzima ukaangua kicheko. Kisha akauliza, "Haya, dada. Nani wewe?"

Lile jina la kule lilikuja, Mjomba. Lilikuja mpaka kwenye meno. Lakini mlango ulikuwa na mtu tayari. Kidega akapiga kibuyu, mimi nikapiga mwoc wangu kwa sauti ambayo Mama anasema aliisikia akiwa nje kwenye meza yake ya odii, na uwanja ukanirudishia, mara ya pili na ya tatu, hata waliokuwa ukutani. Hiyo ndiyo iliyokutikisa mkono. Haikuwa spika. Walikuwa watu.

Shindano alishinda mvulana wa Kitgum, anakimbia kama amesahau chungu jikoni. Sikujali hata kidogo. Nimejali kidogo.

Walichokuwa wanasema ni hiki, ukisome kwa sauti, na Ojara akilalamika mwambie mpwa wako ndiye aliyeruhusu, maana mwenyewe nipo na leo yeyote anaweza kunipigia:

Lanyero! Mla kuku wa mjomba! Mwenye kuku kaja mwenyewe!